Rangi Chini ya Waya

SURA YA NNE

Ngazi ilikuwa imelazwa juu ya meza mbili kama maiti, na Meneja wa Madai alikuwa anakunywa chai pembeni yake.

"Tazama, uridhike, utoke," alisema. "Usiguse kitu. Simu umeiacha getini?"

"Nimeiacha," alisema Sajini.

Watu walimwita Sajini ingawa upolisi aliuacha siku nyingi, au tuseme upolisi ndio uliomwacha yeye, kwa kuwa hakujua kufumba macho alipoambiwa afumbe. Sasa alikuwa mpelelezi wa wakili mmoja, mama mwenye sauti nyembamba na meno makali, aliyetetea watu ambao mawakili wengine huwakimbia. Kesi iliyomleta pale haikuhitaji maneno mengi. Mpaka rangi mmoja, wanayemwita Brashi, alianguka kutoka kwenye ngazi ya kukunja iliyotengenezwa na kampuni hii. Akavunjika uti wa mgongo. Toka siku hiyo miguu na mikono yake ni ya kuangaliwa tu, kama picha ukutani. Alidai fidia. Kampuni ikajibu kwamba haina cha kulipa, maana ngazi iliharibiwa na mtumiaji mwenyewe.

Na huo uharibifu hata asiye na macho angeugusa akaujua. Kati ya mguu wa mbele na mguu wa nyuma kulikuwa na mkono wa chuma, ule unaozuia miguu isitanuke. Ribiti, ule msumari mfupi uliogongelewa kuushika mkono kwenye mguu wa nyuma, ilikuwa imekatika, na mahali pake pamezungushiwa waya, ule waya mweusi laini wanaofungia nondo kwenye majengo. Umezungushwa, ukabanwa, ukasokotwa kwa koleo.

"Unaona mwenyewe," alisema Meneja, akapuliza chai yake. "Fidia si sadaka, Sajini. Kabla hatujalipa tunauliza, je, bidhaa ilitoka kiwandani na kasoro, au kasoro ameileta aliyeinunua? Mtu akishafunga waya kwenye ngazi yetu, hiyo si ngazi yetu tena. Ni ya kwake. Na mgongo ni wa kwake pia."

"Na ribiti?"

"Waya uliuvuta mkono upande, ribiti ikazidiwa, ikakatika. Mtaalamu atathibitisha."

Mtaalamu alikuwa ameketi dirishani na koti jeupe lisilo na hata doa la chai, anabofya simu. Simu yake haikubaki getini. Sheria za getini zinawahusu wanaoingia kwa miguu.

"Saa nane tunaisafisha kwa thina," alisema bila kuinua uso. "Rangi yote itoke, chuma kibaki wazi, tuone ufa ulianzia wapi."

"Rangi yote?"

"Yote. Ndio utaratibu."

Utaratibu! Neno hili wakubwa hulitoa mfukoni kama leso, kila wanapotaka kufuta kitu.

Sajini aliinama, mikono nyuma, akaisoma ngazi kutoka kidato cha juu hadi miguuni. Ilikuwa imerukiwa na rangi za kila namna. Buluu, nyekundu ya damu ya ng'ombe, kijani, na juu ya zote krimu. Krimu nyingine ilikuwa matone madogo. Nyingine ilikuwa mmwagiko mpana kama mkono wa mtu, umekauka kwenye mguu wa nyuma pale pale penye waya. Waya wenyewe ulikuwa na matone machache, yote krimu. Buluu hamna. Nyekundu hamna. Kijani hamna.

"Tunaye na shahidi," Meneja aliendelea, "na si wa kuokotwa njiani. Ni shemeji yake huyo mgonjwa, ndugu wa mkewe. Walikuwa wanafanya kazi pamoja. Amesema kwa mdomo wake waya ulikuwepo siku zote, ngazi ikiyumba wanaikaza tu. Kwa hiyo saa nane mke wa mgonjwa anakuja hapa. Tumemwandalia kifuta jasho, kwa huruma. Anatia sahihi kwa niaba ya mumewe kwamba hawatudai tena, tunafunga jalada, kila mtu anarudi kwake."

"Huruma yenu inatisha."

"Mlango ni ule ule ulioingilia."

Akitoka, Sajini alitupa jicho kwenye kona. Kulikuwa na ngazi nyingine za aina ile ile zimeegeshwa ukutani, bado kwenye plastiki, vibandiko vya maduka vikiwa juu yake.

"Zile nazo?"

"Mambo ya stoo," alisema Meneja haraka mno, akaweka kikombe chini. "Hayakuhusu."

*

Brashi alikuwa amelala chali kwenye kitanda kilichosogezwa dirishani, blanketi hadi kiunoni. Chumba kilinukia dettoli na nguo zilizokaushwa ndani. Mkewe alikuwa anakamua kitambaa kwenye beseni.

"Karibu, mzee wangu," alisema Brashi. "Samahani, sisimami."

"Wewe na utani wako," mkewe alimkemea.

"Sasa nilie? Nimeshalia." Alionyesha dari kwa kidevu. "Tatizo langu ni hiyo. Imebanduka, ina madoa ya maji, aliyeipaka sijui alikuwa amefumba macho. Kila siku naipaka kwa kuiangalia tu. Nikimaliza naanza tena."

Sajini alivuta kigoda. "Ngazi uliinunua mpya?"

"Mpya kabisa, dukani. Plastiki niliivua mwenyewe."

"Haikuwa na shida?"

"Ilikuwa inalia. Ukiweka mguu kidato cha kwanza, nyiii, kama mlango wa jela. Nikairudisha. Muuzaji akaniambia vyuma vipya hulia, vikishazoea vinanyamaza. Mimi nani nibishane na mwenye duka?"

"Uliifunga waya?"

Brashi aligeuza shingo, kitu pekee alichoweza kugeuza, akamtazama kwa hasira.

"Sajini. Mimi mpaka rangi, si mwehu. Ngazi ikivunjika kwangu naikatakata papo hapo, asije mtoto wa mtu akaipanda. Nifunge waya ngazi ninayokwenda nayo juu mwenyewe? Nani kasema?"

Mkewe aliacha kukamua. Sajini alisogeza kigoda karibu.

"Nitajie rangi ulizopaka na ngazi hiyo."

"Kijani ya shule. Halafu nyekundu, bucha moja karibu na stendi. Halafu buluu, mageti ya gereji. Mwisho ndio hiyo krimu, dari ya ukumbi wa zahanati. Ndoo nilikuwa nayo juu, nimeitundika. Nikasikia tu tak! Basi. Nilipofumbua macho niko kwenye machela."

"Waya una krimu peke yake," alisema Sajini. "Kama ungekuwepo siku zote, ungerukiwa na nyekundu, ungerukiwa na buluu. Aliyesema ulikuwepo siku zote ni mwongo."

"Wamefunga wenyewe!" Mke wa Brashi alitupa kitambaa kwenye beseni, maji yakaruka. "Walikuja na gari kuichukua ngazi, eti wanaipeleka kwenye vipimo. Wamefika kwao wamefunga waya. Mashetani wakubwa!"

Hilo ndilo Sajini alilokuwa amelifikiria njia nzima, na lilimpendeza. Lilikuwa na wabaya wake hasa. Lakini alilishika mkononi, akaliona lina tundu.

"Krimu wangeipata wapi?" alisema. "Ngazi imelazwa kwenye chumba cha watu wenye tai. Nani pale alikuwa anapaka dari? Hapana, mama. Waya uliingia ngazini kule kule kwenye rangi."

Mke wa Brashi alikuwa wa kwanza kuelewa maneno yale yanaelekea wapi, akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Shahidi wao ni mdogo wangu, si ndio?"

"Ndiyo."

"Tumbo moja," alisema. "Nimembeba mgongoni. Kampuni ilimpa kazi kwenye stoo yao, na toka avae ile ovaroli hajakanyaga mlango huu. Nikadhani ni aibu ya kuja mikono mitupu."

"Mwache," alisema Brashi. "Ana watoto."

"Na wewe una nini, mapaka?"

Brashi alirudisha macho darini.

"Saa nane unaitwa kutia sahihi," Sajini alimwambia mwanamke.

"Najua. Na ntaitia." Alisema bila kupandisha sauti, na hapo ndipo hasira yake ilipotisha. "Usiniangalie hivyo. Mgongo wake umeoza vidonda kwa kulala. Njoo nikugeuzie uone. Wakili wako ananiambia subiri, mahakama inaniambia subiri, kidonda hakiniambii subiri. Hicho kifuta jasho chao ni cha mbwa, najua. Lakini ni dawa ya wiki hii."

"Nenda, kaa, sikiliza. Ila usishike kalamu mpaka nifike. Nakuomba hilo tu."

"Ukichelewa?"

"Sichelewi."

*

Ukumbi wa zahanati ulikuwa mtupu, mabenchi yamesukumwa ukutani. Mama mfagizi alikuwa anapiga deki. Alipoambiwa kilichomleta mgeni, alimwonyesha mahali kwa mpini wa deki kabla hajaulizwa.

"Hapo. Nimesugua mpaka magoti yameniota sugu, rangi haitoki. Mganga mkuu kila akipita ananisema mimi, kama vile ndoo niliimwaga mimi."

Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopauka. Krimu ilikuwa imeenea kama ziwa, imefifia lakini ipo. Katikati ya ziwa lile kulikuwa na michirizi miwili mitupu, imenyooka, saruji kavu isiyofikiwa na rangi. Sajini alichuchumaa. Akaweka kiganja kwenye mchirizi mmoja, kisha kwenye mwingine. Upana wa mguu wa ngazi.

Ngazi ilikuwa imelala hapa. Ndoo ilikuja nayo, ikaimwagikia ikiwa imelala ubavu.

Akaukumbuka ule mmwagiko mpana kwenye mguu wa nyuma. Alifumba macho auone vizuri. Rangi ikimwagikia ngazi iliyosimama, inachuruzika kufuata mguu, kwenda chini. Ile haikwenda chini. Ilikuwa imeuvuka mguu kwa upana, kutoka upande huu hadi upande wa pili, na katikati ya safari yake iliingia chini ya waya, ikatokezea ng'ambo.

Akainuka. Halafu akainua kichwa, akatazama dari.

Ilikuwa dari safi. Krimu kutoka ukuta hadi ukuta, haina mstari, haina kiraka. Sajini aliuzunguka ukumbi mzima akitafuta mahali pa maungio, shingo ikamuuma, asipaone.

"Mama, mpaka rangi alianguka dari ikiwa imefika wapi?"

"Nusu. Hapo kwenye taa."

"Mbona sioni nusu?"

Mfagizi aliegemea deki yake. "Si ilimaliziwa? Yule mwenzake. Siku ile ile, machela haijafika hata getini. Mimi natoka kutafuta ndoo ya maji ya kuoshea damu, narudi, namkuta bwana yuko juu anapaka. Nikamwambia, wee, huna roho? Akaniambia, mama, rangi ya dari haina subira, ukiiachia njiani inakauka, kesho panabaki kovu kama la upasuaji, mganga mkuu ataikataa kazi yote. Anapaka huku analia. Machozi na rangi vinamdondoka pamoja."

"Alipanda juu ya nini?"

"Juu ya ngazi, baba. Au ulidhani mabawa?"

"Ile ile iliyovunjika?"

"Mimi sikuangalia ngazi. Niliangalia damu."

Hakukuwa na ngazi nyingine. Brashi alikuwa na moja tu. Sajini alitoka nje akampigia wakili, akamweleza. Upande wa pili ile sauti nyembamba ikaja imekaza.

"Rangi ndiyo kesi yetu yote. Waya ukiwa umefungwa kabla hajaanguka, hatupati kitu, au tunapata makombo. Ukiwa umefungwa baada, ribiti ilikatika yenyewe, na ribiti ni ya kwao. Lakini wakishaimwagia thina, tunabaki na mama mfagizi ambaye hakuangalia ngazi, dhidi ya ndugu wa damu anayesema waya ulikuwepo. Unajua hakimu atamwamini nani."

"Pata amri ya mahakama."

"Naitafuta. Hakimu amekwenda kula."

"Anarudi lini?"

"Akishiba."

Sajini alikata simu, akaanza kukimbia, na umri wake haukuwa wa kukimbia.

*

Getini walimzuia, akawatupia simu wakaidaka, akapita.

Chumba kilikuwa kama alivyokiacha, ila sasa mke wa Brashi alikuwa ameketi mbele ya meza ya Meneja, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa kukaza, karatasi mbele yake, kalamu juu ya karatasi. Hakuwa ameigusa. Mtaalamu alikuwa amevaa glovu. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia mwanamume mwenye ovaroli ya kampuni, mpya bado ina mikunjo ya dukani, amebeba dumu la thina.

Alipomwona aliyeketi pale, dumu lilimgonga gotini.

"Dada," alisema.

Dada yake hakugeuka.

Sajini alikwenda moja kwa moja kwenye ngazi, akavua koti lake, akalitandaza juu ya ule mguu wa nyuma, akaliwekea mikono yote miwili.

"Thina haimwagwi hapa."

"Umerukwa na akili?" Meneja alisimama. "Nitaita walinzi!"

"Waite, waje wasikie. Mtaalamu, wewe ni mtu wa vipimo. Sogea. Nikuulize kitu kimoja. Rangi ikimwagikia ngazi iliyosimama inatiririka kwenda wapi?"

Mtaalamu alimwangalia Meneja, kisha akaangalia glovu zake. "Chini."

"Chini, kufuata mguu. Haya." Sajini alikunja pindo la koti. "Hii imekwenda wapi?"

Mtaalamu aliinama. Alikaa pale kwa muda, pua karibu iguse chuma.

"Imevuka upande," alisema.

"Kwa hiyo ngazi ilikuwa imelala. Ndoo ya Brashi ilimwagika alipoanguka. Sakafu ya zahanati ina alama ya ngazi hii imelala ndani ya rangi, nendeni mkaione kesho, haitoki hata kwa magoti ya mtu. Hii hapa ndiyo rangi ya kuanguka kwake. Sasa fuata inakwenda wapi."

"Inaingia chini ya waya," alisema Mtaalamu pole pole. "Inatokea upande wa pili. Haijakatika."

"Na juu ya waya?"

"Kuna matone. Haya yanashuka chini."

"Ngazi imesimamishwa tena, mtu anapaka dari. Rangi ya kuanguka iko chini ya waya, rangi ya kumalizia iko juu ya waya. Waya uliingia katikati, Brashi akiwa keshabebwa. Hakuwa hata ndani ya chumba! Ataharibuje ngazi kutoka kwenye machela?"

"Kusema kweli, bosi," Mtaalamu alianza, "kitaalamu hii..."

"Nyamaza!"

Akanyamaza. Lakini glovu alizivua.

Meneja aliketi tena, akalegeza tai kidogo. Watu wa aina yake hawakai bila neno. Mlango mmoja ukifungwa wanao mwingine.

"Sawa. Tuseme waya ulifungwa baadaye. Nani kakwambia ngazi ilikuwa mbovu? Mtu anaanguka kwa mambo mengi. Amelewa. Amejinyoosha kupita kiasi, mvivu kushuka kuisogeza. Amening'iniza ndoo. Hayo yote yanapunguza fidia, ukitaka kujua, na mengine yanaifuta kabisa. Ngazi zetu ni imara. Zinabeba watu wawili wanene."

"Ni imara?"

"Kama chuma cha reli."

Sajini alinyoosha kidole kwenye kona, kwenye zile zilizokuwa katika plastiki. "Zile ni za toleo hili hili. Hazina waya, hazina rangi, hazijaguswa na mlevi. Chukua moja. Panda."

"Nini?"

"Panda, bosi. Mpaka kidato cha juu, uguse taa, ushuke. Ukishuka mzima namwambia huyu mama atie sahihi, na mimi naondoka naomba radhi getini."

Meneja alicheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha mtu aliyezoea kucheka peke yake. "Na suti hii? Tuna watu wa kazi hizo." Akapiga vidole. "Wewe wa stoo! Fungua moja, panda, umwonyeshe."

Yule wa ovaroli aliweka dumu chini. Alikwenda kwenye kona. Alichana plastiki. Akaitanua ngazi katikati ya chumba, mpya, inang'aa, akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, akaegemeza uzito.

Nyiii.

Mguu ukaganda pale pale.

"Panda, mdogo wangu," alisema dada yake. Sasa alikuwa amegeuka. "Mbona umesimama? Si ni nzima? Si umesema mwenyewe kosa ni la mume wangu? Panda nikuone."

"Dada..."

"Nani dada yako? Panda!"

"Panda, bwana, unatupotezea muda," alisema Meneja.

Yule bwana aliangalia mguu wake juu ya chuma kile kana kwamba si wake. Jasho lilikuwa limemtoka puani. Alishika kidato cha juu, akakiachia. Halafu akaushusha mguu sakafuni.

"Waya niliufunga mimi," alisema.

Mtaalamu aliinua kichwa kutoka kwenye ngazi.

"Shemeji alikuwa keshatolewa. Dari iko nusu, inakauka, na mimi niko peke yangu na ngazi iliyokatika. Niliokota waya nje kwa wajenzi. Nikafunga, nikapanda, nikamaliza. Nikasema angalau kazi yake isikataliwe." Alijifuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Halafu walikuja hawa. Wakauona waya, wakauliza ni wa nani. Wakaniambia ukisema ulikuwepo zamani kuna kazi ya stoo. Na ukisema umeufunga wewe baada ya ajali, umeharibu ushahidi, utafungwa. Nina watoto, dada. Niliogopa."

"Muongo huyu!" Meneja alifoka. "Umefukuzwa kazi, sasa hivi!"

"Na hizo kwenye kona," aliendelea, kama hakusikia, "nimezipokea mimi kutoka madukani. Zimerudishwa kimya kimya. Nimezitanua moja moja kuzihesabu vidato, zote zinalia hivi. Tumeambiwa tuzivunje tukauze vyuma chakavu, isibaki hata moja."

Sajini alimtazama Mtaalamu. "Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Mtaalamu, na alisema kwa sauti ambayo angeweza kuirudia mahakamani.

Mke wa Brashi alisimama. Alichukua kalamu, akaitazama, akaitumbukiza kwenye kikombe cha chai cha Meneja. Ile karatasi akaiacha ilipo, tupu mahali pa sahihi.

Ndugu yake alikuwa anafungua vifungo vya ovaroli. Alimsogelea kama mtu anayetaka kupiga magoti, akazuiwa kwa kiganja.

"Kwangu usinipigie magoti," alisema dada yake. "Utakuja nyumbani umwambie yeye, kwa mdomo huo huo uliowapa hawa. Amevunjika mgongo, masikio anayo. Na ukifika utamgeuza ubavu, utaosha vile vidonda, ndipo tuone kama tutasalimiana."

"Nitakuja."

"Unakuja sasa."

Meneja alikuwa amenyanyua simu ya mezani, anatafuta mkubwa wake wa juu, na mkubwa wa juu, kama kawaida ya wakubwa wa juu, hakuwepo. Sajini alivuta kiti, akaketi kati ya ngazi ya Brashi na lile dumu la thina. Alikusudia kukaa hapo mpaka hakimu ashibe.

"Bosi," alisema, "unaweza bado kupanda. Mimi sina haraka."

Meneja aliitazama ile ngazi mpya. Ilisimama katikati ya chumba imetanua miguu, plastiki imelala chini yake. Akairudisha simu mahali pake, akasogeza kiti chake nyuma, mbali nayo kidogo.